Tundu la Pili

Baba hakuwasha gari kabla sijasema Bismillahi. Aliketi nyuma ya usukani, mikono magotini, akasubiri. Nikisema, maana yake nimeangalia maji, oili, breki na matairi, na gari linaweza kwenda Muyinga likarudi. Nisiposema, tunakaa. Sikuwa na cheti cha ufundi. Nilikuwa kijana wa Nyamugari, hapa Gitega, niliyejifunza kwa kufungua vitu huku nikiogopa kwamba sitaweza kuvifunga. Neno lile ndilo lilikuwa cheti changu, na katika miezi ninayoisimulia hapa lilianza kunikwama kooni.

Ilikuwa miaka ya vita. Kutoka Gitega hadi Muyinga hukuweza kwenda peke yako. Magari yalikusanyika asubuhi, lori la askari mbele, lori la askari nyuma, na yakishatoka nje ya mji yalikimbia. Konvoi haikumngoja mtu, wala sikuilaumu kwa hilo. Kumngoja mmoja ni kuwasimamisha wote mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama. Kila dereva aliijua sheria: gari lako likizima, lisukume pembeni uwapishe wenzako, halafu mambo mengine ni yako na Mola wako.

Na gari letu lilikuwa limeanza kuzima.

Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, refu kwa nyuma, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Baba alilitumia kuleta vitenge, sabuni na chumvi kutoka Muyinga, ambako bidhaa za Tanzania zilifika kwanza, na mama aliviuza vitenge hivyo sokoni. Sisi sote tulikula kutoka kwenye gari lile. Mjini lilikuwa na upole wa kondoo. Kwenye milima lilipanda bila kulalamika. Lakini konvoi ikishaanza kukimbia, likakimbia nayo kwa muda, ghafla lilianza kukohoa. Nguvu zinapungua, mguu wa baba uko chini kabisa kwenye pedali na gari halisikii, kisha kimya. Ukilisukuma pembeni ukangoja kidogo, linawaka tena kama lililokuwa limelala usingizi tu.

Mara ya kwanza baba alitusimulia huku akicheka. Mara ya pili hakucheka. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda chake uani, akaanza kuosha miguu.

"Imezima tena," alisema.

"Wapi, baba?"

"Ku njia nyoofu, pale mbele ya Bugendana."

"Ilikuwa inakimbia ngapi?"

Aliniangalia. "Mi sikuangalia saa ya gari, mwanangu. Niliangalia migomba."

Watu wenye bunduki walivizia magari kutoka migombani. Nililala nikiiona migomba ile, na baba akiwa amesimama kando yake peke yake, na vumbi la konvoi likitulia mbele yake.

Nieleze nilivyofikiri, maana fikra zangu wakati ule hazikuwa na kitu kingine. Gari ni moto na mafuta. Likizima, kimoja kati ya hivyo viwili kimekosekana, na kazi yote ya fundi ni kujua kipi. Nilianza na moto. Nikatoa buji zote, yaani plagi, nikazisugua, nikazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, nikazirudisha, halafu nikazitoa tena kwa sababu sikukumbuka kama ile ya tatu nilikuwa nimeikaza. Nikabadilisha nyaya. Nikamwomba jirani bobini, koili ya moto, ya gari lake lililokuwa juu ya matofali tangu vita vianze, nikaifunga. Kisha nikaja kwenye mafuta. Nikafungua kabureta, nikapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakauma. Nikaosha chujio. Nikapuliza bomba la petroli, ambayo kwetu tunaiita esanse, kutoka mbele hadi nyuma.

Kila nilichogusa kilikuwa safi. Gari likawaka, likanguruma, likazunguka Nyamugari bila kikohozi hata kimoja. Hapo ndipo taabu yangu ilipokuwa: ugonjwa ulikuwa wa mwendo wa kasi, na Gitega hapakuwa na mahali pa kukimbiza gari. Kila njia ya kutoka mjini ilikuwa na bariye, na askari wa kizuizini akiona gari linamjia kwa kasi hatangoja kuelezwa kwamba ni kijana anajaribu kabureta. Mahali pekee palipoweza kuniambia kama nimepata au sijapata ni palepale ambapo kukosea kungemuua baba yangu.

Kazi zote hizo nilizianza kwa namna moja. Kwanza nilifungua mdomo wa tangi, nikachovya kijiti cha mwanzi, nikatazama esanse imefika wapi. Ilikuwa miaka ya embago pia, mipaka ilikuwa imefungwa kwa jina na kufunguliwa kwa njia za panya, na esanse ilifika kwenye madumu ya njano kutoka upande wa Tanzania. Tuliihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi dawa. Tangi likivuja, watu walipaka sabuni ya kufulia kwenye ufa. Kifuniko kikilegea, walikitia mfuko wa plastiki. Cha kwetu kilikuwa na kipande cha mpira, uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, mviringo kamili, umebanwa ndani ya kifuniko vizuri sana. Sikujua nani aliuweka. Niliuona kila siku na, niseme ukweli, niliupenda. Katika gari lile zima, kile ndicho kitu pekee ambacho sikutamani kukirekebisha.

Mjue pia nilikuwa mtu wa namna gani. Msikitini kwetu nilijulikana kwa udhu. Nilikuwa nikimaliza kuosha mguu wa kushoto nasita: je, kiwiko kililowa? Narudi mwanzo. Wazee nyuma yangu wanasubiri bomba. "We kijana," mmoja alisema siku moja, "acha maji kidogo, waislamu wengine pia wako na miguu." Maalim wetu hakucheka. Aliniita pembeni akaniambia neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiria. "Unajua wasiwasi ni nini? Ni mnong'ono. Ukishatia udhu, umetia. Anayekunong'oneza urudie, huyo si Mungu." Nikaitikia, nikaenda nyumbani, na njiani nikajiuliza kama nilimwitikia kwa adabu ya kutosha.

Kwa mtu kama huyo, kuombwa aseme kwamba gari ni zima ni adhabu. Baba alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu aliniamini.

Kisha dada yangu, aliyeolewa Muyinga, akajifungua. Habari zililetwa na dereva wa konvoi: mtoto wa kike, mama yake mzima, lakini hana maziwa na mtoto analia. Mama hakumwachia dereva amalize. Alikuwa tayari anafunga kanga zake kwenye furushi.

"Mi naenda nawe Alhamisi," alimwambia baba.

"Gari iko inazima, mama watoto."

"Sasa huyu anafanya nini chini ya gari siku zote? Anatafuta mke?"

Wote wawili walinigeukia. Nilikuwa na mikono myeusi mpaka viwiko. Nilitaka kusema, mama, panda gari la mtu mwingine. Lakini watu walikuwa wamejaa kwenye magari ya wengine mpaka miguu ikaning'inia nje, na mama alikuwa na supu, unga wa uji, nguo za mtoto, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nikasema nitakwenda pamoja nao. Ikiwa litazima, angalau nitakuwepo wakati limezima. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, lazima daktari alale na mgonjwa.

Alhamisi asubuhi baba akaketi, mikono magotini. Nilizunguka gari. Nikachovya mwanzi, nikafunga kifuniko, nikakisikia kikijibana kwenye mpira wake. Nikapanda mbele. Baba akangoja. Madereva wengine walikuwa wameshawasha. Nilifungua mdomo, hakuna kitu kilichotoka.

"Bismillahi Rahmani Rahim," mama akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto darasani. "Twende, kuku anajisaidia juu ya miguu yangu."

Baba akawasha.

Tulipopita bariye ya mwisho, konvoi ikaanza kukimbia. Sikutazama milima wala migomba. Nilikuwa nimeinama, sikio karibu na dashibodi, nikisikiliza kila mlio kama mtu anayesikiliza mlango usiku. Sauti ilikuwa nzuri. Iliendelea kuwa nzuri, na uzuri wake ulinitesa kuliko ubaya, kwa sababu nilijua ungeisha. Tulikaribia Bugendana. Barabara ikanyooka. Lori la mbele likaongeza mwendo, sisi tukaongeza. Kisha nikalihisi kwanza kwenye makalio, kabla ya masikio: mvuto mdogo, kama mtu amelishika gari kwa nyuma. Kikohozi. Kikohozi kingine.

"Ndiyo hii," baba alisema, taratibu, kama anayenitambulisha kwa mgeni.

Likazima.

Tulilisukuma pembeni, mimi na baba, mama akiwa ndani na kuku wake. Magari yalitupita yakipiga honi. Dereva mmoja wa lori, mtani wa baba wa siku nyingi, alitoa kichwa dirishani: "Mzee! Uza hiyo gari, ununue baiskeli! Kifafa hakina dawa!" Alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Lori la askari la mwisho likapita, askari mmoja akifoka: "Pembeni! Pembeni zaidi!" Kisha sauti za injini zikaishia nyuma ya kilima, na nikasikia ndege.

Nilifungua boneti. Kwa haraka niligonga mikono kwenye kingo. Lakini hapo, kwa mara ya kwanza, ugonjwa ulikuwa mbele yangu ukiwa bado moto. Nikaangalia chujio dogo la plastiki ambalo unaweza kuona ndani yake. Nyumbani lilikuwa limejaa kila nilipolitazama. Sasa lilikuwa tupu. Kavu kabisa, na tone moja tu chini.

"Ni mafuta," nilisema. "Si moto. Ni mafuta, baba."

"Alhamdulillahi," mama akasema kutoka nyuma. "Sasa uko unatafuta nini humo?"

"Esanse, mama."

"Si uliipima asubuhi?"

"Iko nyuma, kwenye tangi. Haikuji mbele."

"Basi iite."

Baba alikuwa amesimama akiangalia upande ule mwingine, kwenye migomba. "Usikimbize mikono," aliniambia bila kugeuka. "Mikono ikikimbia, akili inabaki."

Mtu mmoja alitokea kwenye njia ya miguu, mkungu wa ndizi kichwani. Alitutazama, akatazama barabara tupu, akasema kwa Kirundi bila kusimama, "Ntimugume aha." Msikae hapa. Akaenda zake. Nyuma yake wakaja wanawake wawili na vikapu vya maharage, wakatupita pia, mmoja akamsalimia mama. Walikuwa wanatembea kama watu wanaotembea nyumbani kwao, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mahali ambapo sisi tuliogopa kusimama hata kwa muda wa kubadili gurudumu, wao walilima hapo, wakazaa hapo. Sikulifikiria hilo siku ile. Siku ile nilifikiria kwamba wanawake wale wameshamwona mama yangu, na mtu mwingine naye anaweza kumwona.

Nilichomoa bomba la mafuta, nikalinyonya. Kulikuwa na uzito wa ajabu, kana kwamba upande wa pili kuna mtu naye ananyonya. Nikalirudisha bomba, nikafikiri: pampu imechoka. Nikafikiri: kuna uchafu tangini unaokuja na kuziba. Nikafikiri mambo sita kwa wakati mmoja na sikuweza kulishika hata moja. Halafu, nikiwa bado nimeinama, nikaona tone likiingia kwenye chujio. Likafuatwa na lingine. Chujio likajaa taratibu, lenyewe, sikulifanya lolote.

"Washa, baba."

Likawaka.

Tulikwenda polepole mpaka mji wa Ngozi, peke yetu barabarani, na polepole ile ilikuwa safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Mwendo huo gari liliupenda. Mama alihesabu tasbihi na mimi nikahesabu kona. Ngozi tuliikuta konvoi imezuiwa kwenye bariye, na mtani wa baba alishuka kwenye lori lake akaja akaipiga boneti yetu kwa kiganja, akashindwa kupata utani. Kutoka hapo tukaenda kwa unyonge mpaka Muyinga, tukiwa wa mwisho, gari likikohoa kila baba aliposahau mguu wake.

Nyumbani kwa dada yangu, mama aliruka kabla gari halijasimama vizuri. Nilisikia vigelegele ndani, kilio cha mtoto, na mama akisema, "Yoo, jamani, mbona mdogo hivi, kama limau!" Sikuingia. Aibu niliyonayo mpaka leo ni hiyo, kwamba mpwa wangu wa kwanza alikuwa humo ndani na mimi nilikwenda kutafuta spana. Nilikuwa nimeamua kufungua pampu, halafu kushusha tangi lote chini, nilioshe, halafu nianze tena kila kitu kutoka buji ya kwanza. Baba alikaa kwenye ngazi akavua viatu.

"Kunywa chai kwanza."

"Nikishamaliza."

"We huwa humalizi," alisema, si kwa ukali.

Mama alitoka uani na mkebe wa maziwa, yale mazito ya kopo, aliyoyanunua dada kabla ya kujifungua. Alitaka kumtengenezea mzazi chai. Hapakuwa na kifungulio, basi akachukua msumari na jiwe, akaketi hatua chache kutoka kwangu, akapiga. Tundu moja. Akaugeuza mkebe juu ya kikombe. Maziwa yakachungulia, yakasita, yakatoa tone moja, yakakaa.

"Ona hii," mama alisema peke yake. "Inanyima." Akautikisa. Tone jingine. Kisha akacheka kwa kujishangaa, akauweka mkebe chini, akatafuta msumari. "Nimesahau tundu la pumzi."

Akapiga upande wa pili. Maziwa yakashuka kama uzi mnene, bila kukatika.

Sikumbuki kama niliiweka spana chini au niliiangusha. Nakumbuka nimesimama nyuma ya gari na mkono wangu uko kwenye kifuniko cha tangi, na siwezi kukizungusha. Kilikuwa kimenata. Nyumbani, kila asubuhi, kilizunguka kwa vidole viwili. Nikakikamata kwa mikono yote miwili, nikakivuta, na gari likavuta pumzi. Fyuuu. Ndefu, ya chini, kama mtu aliyetolewa kichwa ndani ya maji. Ndani ya tangi bati likalia *tok*, likirudi mahali pake.

Baba alisimama na soksi zake.

"Rudia," alisema.

"Haiwezi kurudiwa, baba. Imeshapumua."

Kila siku Gitega nilikuwa nimekifungua kifuniko kwanza. Kabla ya kuchunguza lolote nilikuwa nimeshampa mgonjwa dawa kwa kijiti changu cha mwanzi, halafu nikashangaa kwa nini haumwi. Kifuniko chenyewe kilikuwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa, kimetengenezwa hivyo tangu kiwandani. Mpira ulikuwa umekifunika. Gari likienda polepole linakunywa kidogo, na hewa kidogo inapenya pembeni, inatosha. Likikimbia linakunywa sana, hewa haiwahi, tangi linabana kama mkebe wa mama, na pampu inavuta mahali pasipotoa. Ukisimama ukangoja, hewa inajipenyeza, esanse inashuka, gari linaamka. Vyote vikakaa mahali pake kwa mara moja. Nilitaka kulia na kucheka na kunawa mikono.

"Nani aliweka huu mpira?" nikauliza, nikiwa nimeubandua na kuuinua juu.

Baba akatikisa kichwa. Mama alikuwa ameshika kikombe.

"Mimi," alisema.

Nikaushusha ule mpira.

"Vitenge vilikuwa vinanuka esanse. Vile vya nyuma. Mteja mmoja alinirudishia mbele ya watu, akaniuliza kama nauza vitambaa ao taa. Nikamwomba yule anayeshona viatu vya makamambili anikatie mpira. Harufu ikakwisha." Akatazama mpira, akanitazama. "Na askari pia, wakisikia harufu wanapekua. Nilifikiri nasaidia."

"Hukusema, mama."

"Nani anasema kwamba amefunika sufuria?"

Hapo akaelewa. Niliona ikimfikia. Akakiweka kikombe chini. "Kwa hiyo wakati wote ule," alimwambia baba, "pale ku migomba. Ni mimi niliyekusimamisha."

"Ni gari," baba alisema.

"Ni mimi."

Mimi, ambaye nilikuwa nimeota kwa miezi siku ya kupata jibu, nilitamani jibu lingekuwa pampu. Mtoto akalia ndani. Mama akafuta uso kwa ncha ya kanga, akachomoa sindano aliyokuwa amezoea kuichomeka kwenye vazi lake kifuani, akaninyooshea.

"Basi toboa," alisema. "Toboa mawili."

Nilitaka kuutupa mpira kabisa, lakini bila mpira esanse ingemwagika kwenye kona, na esanse ile haikuwa ya kumwagia barabara. Nikazibua kitundu cha kifuniko kwa sindano ya mama, nikatoboa mpira mahali palepale, nikavilinganisha. Nikaweka mdomo, nikapuliza. Ilipita. Nikapuliza tena. Nilitaka ushahidi zaidi: nikamwomba baba tuache injini ingurume uani kwa muda mrefu, kwanza na tundu limezibwa, halafu wazi, nione chujio. Baba alikataa. Esanse ya kurudia nyumbani, alisema, haitachomwa ili mimi nipate usingizi. Kwa hiyo sikupata.

Mama alibaki kumlea mzazi arobaini yake. Asubuhi ya konvoi ya kurudi alikuja na sisi mpaka mahali pa kukusanyika, mtoto amemfunga kifuani, jambo ambalo hakulazimika kulifanya na baba alimwambia hivyo. Mtani wa baba alikuwepo. "Mzee, leo munatusindikiza mpaka wapi? Nijue niwaagie wapi." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia kifuniko cha tangi kama mtu anayemwangalia mbwa aliyewahi kumng'ata mwanawe.

Baba akaketi, mikono magotini.

Nilikuwa nimeshaliangalia tundu mara mbili. Mnong'ono ukasema: mara ya tatu, huenda vumbi limeingia. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango. Nilijua kwamba nikishuka nitaliona tundu liko wazi, na kwamba nikipanda tena nitakuwa siamini nilichokiona. Magari ya mbele yakaanza kusogea. Nikatoa mkono kwenye kitasa, nikauweka gotini, nikaona baba ameuona.

"Bismillahi," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, kama ya jogoo mchanga. Lakini ilitoka.

Baada ya Ngozi sikuinamisha kichwa kwenye dashibodi. Nilijaribu kutazama nje kama abiria. Tulipokaribia Bugendana, barabara ikanyooka, lori la mbele likatoa moshi na kukimbia, na baba akakanyaga. Nilikaza misuli yote niliyonayo, nikingoja ule mkono wa nyuma. Migomba ikaja, mahali petu pale, na ukingo wa udongo ambapo tairi letu lilikuwa limechimba, na njia ya miguu. Vikapita. Baba hakupunguza. Kilima kikaja, kikapita. Nilimwona akipumua kwa mdomo.

Gari lilinuka esanse njia nzima. Vitenge vilinuka, mashati yetu yalinuka.

Kwenye bariye ya kuingilia Gitega askari mmoja alitia kichwa dirishani, akakunja pua. "Humu kuna esanse. Munaficha wapi madumu?"

"Hakuna dumu, afande," baba alisema. "Ni tangi. Gari iko inapumua."

"Eti?" Akawageukia wenzake. "Mzee anasema gari yake iko inapumua!"

Wakatushusha. Wakatoa vitenge vyote wakavitandaza kwenye majani, wakang'oa kiti cha nyuma, wakainua mikeka, wakagonga milango kwa vifundo. Konvoi yote ilitupita, mtani wa baba akipiga honi kwa furaha. Ndicho hasa alichokuwa anakikwepa mama alipoweka ule mpira wake. Mimi nilisimama kando ya barabara, mikono kichwani kama nilivyoamriwa, jua usoni.

"Ficha meno," baba alininong'oneza bila kugeuza shingo. "Watafikiri umelewa."

Nilijaribu. Hawakupata kitu. Yule askari alitupungia mkono tuondoke, nasi tukakusanya vitenge, tukavikunja ovyo, tukapanda. Nyumbani kulikuwa pale chini tu, tungeweza kusukuma. Baba akaketi nyuma ya usukani, akaweka mikono magotini, akanisubiri.